Arjuna Alipokaa Chini: Mwongozo wa kutafuta faraja ya sonona katika mafundisho ya Kihindu, ukiwa Nairobi

Bhagavad Gita, kitabu ambacho Wahindu wengi hukikimbilia wanapolemewa, kinaanza na mtu aliyeishiwa nguvu. Arjuna ni mpiga mishale asiye na mpinzani. Anafika katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, anatupa macho upande wa pili na kuwaona babu yake, mwalimu wake, wajomba, binamu, watu aliokula nao sahani moja. Mwili unamgomea. Anajieleza mwenyewe: viungo vimelegea, kinywa kimekauka, natetemeka, ngozi inawaka, upinde unaniponyoka, siwezi kusimama, akili inazunguka. Anautupa upinde na kukaa chini ndani ya gari lake la farasi. Sura nzima ya kwanza imepewa jina la majonzi yake.

Ndiyo maana naona mafundisho haya yanaweza kumfaa mtu mwenye sonona, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita depresheni au msongo wa mawazo na kuuacha hapo. Yanamkuta mtu akiwa amekaa chini. Hayamwahidi furaha kufikia Ijumaa. Yanampa kazi ndogo ya leo, yanamruhusu kuifanya huku bado ana huzuni, na yanamtua mzigo wa kujua itazaa nini. Nitakayoeleza hapa chini ni namna ya kulishika hilo kwa mikono.

Huhitaji kuwa Mhindu, wala hakuna atakayekutaka ubadili dini. Wahindi waliletwa kwa wingi kujenga reli kuanzia mwaka 1896, wengine wakafuata na maduka yao, na walio Wahindu miongoni mwao wakajenga mahekalu. Wengi wetu tunapita nje ya mahekalu hayo kila siku tukiwa ndani ya matatu, Ngara, Pangani, Parklands, bila kujua kinachosemwa ndani.

Kabla ya hatua yoyote: hospitali

Kama kwa wiki mbili au zaidi moyo umezama karibu siku nzima, vitu ulivyopenda havina ladha, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti, mwili mzito, na unajiona huna thamani, huo ni ugonjwa wenye matibabu. Nairobi kuna Hospitali ya Mathari kwenye Barabara ya Thika, kuna kliniki ya afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na daktari wa kawaida katika kituo kilicho karibu nawe anaweza kukuandikia barua ya rufaa. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi tofauti. Usiziache ghafla kwa sababu umepata nafuu, wala kwa sababu mtu amekuambia mantra, maneno matakatifu ya kurudiarudia, inatosha.

Ikiwa umefikia kuwaza kujiua, ahirisha mwongozo huu. Piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177, au mwambie mtu aliye nyumba moja nawe sasa hivi. Wengi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Sema.

Na usidhani kwenda hospitali ni kuikosea imani. Patanjali, mwandishi wa aya fupi za yoga, anaorodhesha vizuizi tisa vinavyoivuruga akili, na cha kwanza kabisa ni maradhi. Uvivu na shaka vinakuja baadaye. Kisha anataja dalili zinazofuatana na vizuizi hivyo: maumivu, kukata tamaa, viungo kutetemeka, pumzi kwenda ovyo. Mtu huyu wa karne nyingi zilizopita aliona kwamba moyo ukianguka, kifua nacho husimulia.

Hatua ya 1: Soma anguko kabla ya kusoma mwinuko

Gita ina sura 18 na aya 700. Usijaribu kuimaliza. Sonona hula umakini, na kitabu kilichoachwa katikati huwa sababu nyingine ya kujilaumu. Tafuta tafsiri yenye maneno mepesi. Ukipata ile ambayo maelezo ni marefu kuliko aya zenyewe, ruka maelezo kwa sasa. Soma aya tano kwa kikao kimoja. Anzia sura ya 1, aya ya 28, penye malalamiko ya Arjuna, ukiwa na kalamu mkononi. Pigia mstari kila dalili unayoifahamu kwa mwili wako.

Kisha chukua karatasi uandike sura yako ya kwanza. Nini kimelegea? Nini kimekuponyoka mkononi? Nani wako upande wa pili wa uwanja? Nusu ukurasa unatosha. Ukienda kliniki, karatasi hiyo iende nawe, maana daktari akikuuliza "unajisikiaje", ulimi huwa unakwama na mtu anajikuta akijibu "niko sawa tu".

Sasa ingia sura ya 2, na hapa ndipo nakuomba usome polepole. Krishna ni rafiki wa Arjuna na ndiye anayeendesha gari lake, na neno lake la kwanza katika sura hii ni kali. Anamuuliza udhaifu huu umetoka wapi saa kama hii, haukufai, inuka. Kwa Kiswahili cha Nairobi: jikaze, wewe ni mwanamume. Na Arjuna hainuki. Anaeleza tena, anasema "sitapigana", ananyamaza. Hapo tu ndipo Krishna anaanza mazungumzo marefu yanayojaza vitabu. Huenda umeambiwa "jikaze" na mama, na mchungaji, na meneja kazini, na ukajiona wa ajabu kwa kuwa halikukusaidia. Ndani ya Gita lilitoka kinywani mwa yule ambaye Wahindu wanamwamini kuwa Mungu, na halikumwinua mtu. Arjuna anasema yuko imara, shaka imemwisha, karibu na mwisho kabisa wa kitabu, sura ya 18. Kabla ya hapo ameuliza, amebisha, ameogopa, amesema hajaelewa.

Kuhusu vita vyenyewe, maana utauliza: ndiyo, mazungumzo yanaisha kwa Arjuna kuushika upinde. Gandhi, aliyeisoma Gita tangu ujana wake, aliuchukua uwanja ule kuwa ni moyo wa binadamu. Kwa mgonjwa, usomaji huo unatosha.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Taittiriya, mojawapo ya Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, inamweleza binadamu kuwa na maganda matano, moja ndani ya jingine. La nje limetengenezwa na chakula. Linalofuata ni la pumzi. Ndani yake kuna la akili na hisia, kisha la utambuzi, kisha la furaha. Watu wengi wenye sonona hujaribu kuruka moja kwa moja hadi lile la tano, wanatafuta furaha kwa sala na kwa kuwaza, na tumbo halijapata kitu tangu jana mchana. Upanishadi hiyohiyo inaagiza: usikidharau chakula.

Kuna bikizee mmoja wa Kigujarati kule Pangani ambaye jirani wote, weusi kwa Wahindi, humwita Ba, yaani bibi. Ukimfikia na uso ulionuna, swali lake ni lilelile.

"Umekula?"

"Bado, Ba."

"Basi Mungu pia atangoja. Kaa hapo."

Na anakuletea kichiri, wali na dengu zilizopikwa pamoja hadi zikawa laini kama uji, na samli kidogo juu. Hakuulizi kitu hadi sahani iwe nusu. Hicho ni chakula cha mgonjwa katika nyumba nyingi za Kihindi, na ni rahisi: kikombe cha mchele, nusu kikombe cha dengu, manjano, chumvi, maji mengi, sufuria moja. Siku ambayo huwezi kukata hata kitunguu, kichiri bado unaweza. Na kama nyumbani kuna ugali na maziwa, ugali na maziwa.

Gita nayo, sura ya 6, inasema yoga si ya anayekula kupita kiasi wala asiyekula, si ya anayelala mno wala anayekesha. Ni kwa mwenye kiasi katika chakula, mapumziko, kazi na usingizi ndipo inapokuwa kiondoa huzuni. Kwa hiyo weka saa mbili tu za siku zisizobadilika: saa ya kuamka na saa ya mlo wa kwanza. Zingine ziyumbe. Baada ya kuamka toka nje. Hata kwenye roshani ya ghorofa ya nne Kasarani, penye kamba za nguo, kuna jua la asubuhi. Wahindu wengi humsalimu Surya, jua, kwa maji kwenye viganja. Wewe unaweza kusimama tu na kikombe chako cha chai.

Kufunga, mfano siku ya Ekadashi, ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kuache hadi upone. Anayetumia dawa asibadilishe mlo wala maji ya kunywa kwa ajili ya mfungo bila kumuuliza daktari. Dini yenyewe humsamehe mgonjwa.

Hatua ya 3: Pumzi yenye sauti

Baada ya kutaja pumzi inayokwenda ovyo, Patanjali anatoa tiba kadhaa, na mojawapo ni kuitoa pumzi kwa utaratibu. Katika mazoezi ya pumzi yanayofundishwa siku hizi, ninalomshauri mtu mwenye sonona ni bhramari, pumzi ya nyuki. Ni rahisi, na ile sauti huipa akili kitu cha kushika.

Kaa kitini, nyayo sakafuni. Usilale, utapitiwa na usingizi. Funga midomo lakini meno yasigusane, taya lilegee. Vuta pumzi kwa pua, polepole, bila kuijaza kifua hadi juu. Kisha itoe kwa pua huku ukivuma mmmm, hadi pumzi iishe yenyewe. Utahisi mtetemo kwenye midomo, puani, halafu kwenye paji la uso. Ngoja hewa iingie yenyewe, rudia. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Usishikilie pumzi ndani. Ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Wanaokaa nyumba za kupanga watauliza kuhusu ukuta. Ni kweli, jirani atasikia. Vuma wakati maji yanajaa kwenye ndoo, au matatu zinapopiga honi nje, Nairobi haikosi kelele za kujifichia. Yale mazoezi ya kupumua kwa kasi na kwa nguvu unayoyaona kwenye video, yaache. Yanaweza kumzidishia mtu wasiwasi, na kwa mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia ni hatari.

Hatua ya 4: Jina moja, shanga 108

Saa tisa usiku akili ya mwenye sonona haipumziki. Inasaga neno lilelile: nimeshindwa, nimeshindwa. Arjuna alilalamika kwamba akili ni kama upepo, haishikiki. Krishna hakumbishia. Alikubali kwamba ni ngumu, kisha akasema inashikwa kwa mazoezi na kwa kuachilia. Japa, kurudia jina la Mungu kwa kuhesabu shanga, ni mazoezi hayo. Mtu anaipa ile mashine ya kusaga nafaka nyingine.

Tasbihi ya Kihindu, mala, ina shanga 108 na moja kubwa ya kichwa. Hutengenezwa kwa mti wa tulsi au kwa mbegu za rudraksha, na huuzwa katika maduka ya vifaa vya ibada. Ya bei ya chini inafaa sawa na ya ghali. Ishike kwa mkono wa kulia, ikilalia kidole cha kati, uvute kila shanga kwa kidole gumba. Kidole cha shahada hakitumiki, kile tunachonyooshea watu. Kwa kila shanga sema jina mara moja: Ram, au Om Namah Shivaya, au Hare Krishna. Ukifika kwenye shanga ya kichwa usiivuke. Igeuze mala urudi ulikotoka. Akili itatoroka. Ukigundua imetoroka, endelea na shanga uliyoishika, bila kurudi mwanzo na bila kujigombeza.

Kama wewe ni Mkristo au Mwislamu na ulimi unasita kutaja majina hayo, usijilazimishe. Patanjali anahitimisha orodha yake ya tiba kwa kusema, au kwa kukitafakari chochote kinachokupendeza. Tumia dhikri yako, rozari yako, mstari wako wa Zaburi. Au tumia dua hii ya Brihadaranyaka Upanishadi, ambayo sioni mwenye dini atakayeikataa: *Kutoka kwenye uongo niongoze kwenye kweli; kutoka gizani niongoze kwenye nuru; kutoka mautini niongoze kwenye uzima usiokufa.* Tazama kwamba anayeomba hajafika. Yuko gizani, anaomba aongozwe.

Mzunguko mmoja wa shanga kwa siku unatosha. Kuketi kimya saa nzima ukitazama mawazo yako, jambo linalosifiwa sana siku hizi, silipendekezi kwa mtu aliye chini kabisa. Ukimya mrefu unaweza kuwa chumba cha kujitesa.

Hatua ya 5: Fanya tendo, achia tunda

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na aya yake ndiyo inayonukuliwa kuliko zote, ya 47 katika sura ya 2. Ina vipande vinne. Haki yako ni juu ya tendo. Juu ya matunda yake, kamwe. Usifanye tunda kuwa ndilo linalokusukuma. Na usije ukashikamana na kutotenda. Wengi wananukuu kipande cha pili na kukisahau cha nne, na cha nne ndicho kilichoandikwa kwa ajili yetu sisi ambao kitanda kimetushika.

Chukua mtu wa Nairobi aliyekosa kazi tangu mwaka jana. Kila asubuhi anahesabu: nimetuma maombi mangapi, hakuna aliyenijibu, basi mimi si kitu. Amejipimia kwa tunda, na tunda liko mikononi mwa watu asiowajua, katika ofisi ambayo pengine barua pepe yake haikufunguliwa. Mwisho anaacha kutuma. Sonona imemfikisha pale ilipotaka: kutotenda.

Mgeuzie hesabu. Usiku, andika tendo moja la kesho. Liwe na mwanzo na mwisho, liwe ndani ya uwezo wako hata ukiamka vibaya, na liandikwe bila tunda lake. "Kutuma barua moja kabla ya saa nne", siyo "kupata usaili". "Kumpigia dada", siyo "kupatana na dada". "Kumwagilia sukuma wiki ya kwenye gunia." "Kufua soksi." Ukilifanya, weka alama na ufunge daftari. Usijiulize kama umejisikia vizuri. Washauri wanaotibu sonona nao hutumia mbinu ya kupanga vitendo vidogo kwa ratiba bila kungoja hamu ije kwanza, kwa sababu kwa mgonjwa hamu mara nyingi hufuata tendo. Gita inaongeza kitu ambacho daftari la kliniki halina: inakupa mahali pa kulipeleka lile tunda. Ukimaliza, sema kwa sauti ndogo, "Nimelitoa, si langu tena." Mwenye imani anamkabidhi Mungu. Katika sura ya 9 Krishna anasema anapokea jani, ua, tunda, hata maji, yakitolewa kwa upendo. Soksi zilizofuliwa zinaingia humo, kwa maoni yangu.

Mwanamke mwenye mtoto mchanga ambaye hapati hata dakika ya kukaa, hatua hii inaweza kuwa yote anayohitaji. Kumwogesha mtoto ni tendo. Liweke alama. Na kama huzuni ilianza baada ya kujifungua, mwambie muuguzi wa kliniki ya watoto siku ya chanjo. Kuna sonona ya uzazi na inatibika.

Hatua ya 6: Nenda hekaluni, ukae tu

Sonona hupenda mlango uliofungwa. Mafundisho haya hupenda satsangi, yaani kuketi pamoja na watu wema. Nairobi ina milango kadhaa. Hekalu la BAPS Swaminarayan kwenye iliyokuwa Forest Road, sasa Barabara ya Profesa Wangari Maathai, lililofunguliwa mwaka 1999, limejengwa kwa mawe na mbao zilizochongwa kwa mkono. Hata kama hutaki ibada, kuketi na kutazama nakshi ni mapumziko. Arya Samaj, iliyoko Nairobi tangu 1903, haina sanamu. Ibada yao huzunguka moto mdogo wa havan na aya za Veda, na anayesitasita mbele ya sanamu huona afadhali pale. Hekalu la Hare Krishna liko upande wa Ngara, kunaimbwa kwa ngoma na matoazi, na Jumapili watu hula pamoja. Kwa mtu asiye na nguvu ya kuongea, pale pana faida: kwenye kuimba hakuna anayekuuliza habari zako.

Adabu zake ni chache. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Usiende umekula nyama njiani wala umelewa. Langoni mlinzi atakuambia, "Karibu, viatu pale," na simu uizime. Kwenye hekalu la Swaminarayan wanaume na wanawake huketi pande tofauti. Picha, uliza kwanza. Saa za arati, ibada ya taa, uliza hapohapo langoni.

Arati ya jioni ndiyo ninayokushauri uende nayo. Kengele zinaanza ghafla, zinajaza sikio hadi hakuna nafasi ya wazo. Kuhani anazungusha taa yenye tambi zilizolowekwa samli, polepole, mbele ya sanamu, na watu wanaimba wimbo ambao hata watoto wanaujua. Kisha taa inapitishwa. Kila mmoja anapeleka viganja juu ya mwali, sekunde moja, na kuvirudisha usoni hadi utosini. Vidole vinanukia samli na kafuri hadi uingie kwenye matatu ya kurudi. Ukitoka unapewa prasad, punje za sukari, njugu au halua yenye iliki. Ipokee kwa mkono wa kulia na uile palepale. Hukununua, hukuistahili kwa lolote, umepewa kwa kuwa ulikuwepo.

Onyo moja. Atakayekuuliza tarehe ya kuzaliwa na kukuuzia pete ya jiwe la kuondoa nyota mbaya, au atakayetaka pesa ili "afunge" huzuni yako, ni mfanyabiashara sawa na wale wa vibandiko kwenye nguzo za stima. Kwenye ibada hizi mchango ni wa hiari. Weka shilingi zako mfukoni, utazihitaji kwa nauli ya kliniki.

Mafundisho ya kuweka kando kwa sasa

Si kila dawa iliyo kabatini ni ya ugonjwa wako. Utakutana na mtu, pengine mwenye nia njema, atakayekuambia kwamba unateseka kwa sababu ya karma, yaani matokeo ya matendo yako, ya maisha yaliyopita. Mwambie asome sura ya 4 ya Gita, panaposemwa kwamba njia ya karma ni ya kina kigumu kueleweka. Kama ni ngumu hivyo kwa maneno ya Krishna mwenyewe, jirani yako ameijulia wapi ya kwako? Sura ya 18 inataja sababu tano za kila tendo: mwili, mtendaji, vyombo vyake, juhudi mbalimbali, na majaaliwa. Mtendaji ni mmoja kati ya watano. Sonona hukuambia kosa lote ni lako, na Gita haikubaliani nayo.

Mafundisho kwamba ulimwengu ni maya, kiinimacho, na yale ya kujitenga na mapenzi ya dunia, yangoje. Mgonjwa tayari kila kitu kwake kimepauka kama ndoto. Kumwambia ni ndoto kweli ni kumsukuma. Zingoje pia zile aya za sura ya 2 kuhusu roho isiyouawa, inayobadili miili kama mtu abadilivyo nguo. Zimewafariji wafiwa wengi kwenye tanuri la Kariokor. Lakini mtu anayewaza kifo asizisome peke yake usiku. Asome sura ya 6, aya ya 5: mtu ajiinue kwa nafsi yake, asijishushe. Na ikiwa hata hiyo inasikika kama "jikaze" nyingine, afunge kitabu apige simu.

Kwa aliye karibu na mgonjwa

Katika Ramayana, utenzi mkubwa wa Kihindu, nyani shujaa Hanuman ana nguvu za kuruka bahari, ila amezisahau. Kundi lao zima limekwama ufukweni, kila mmoja anasema ataruka umbali gani, na Hanuman amekaa pembeni kimya. Jambavan, mzee wao, ndiye anayemwendea na kumkumbusha yeye ni nani. Hamkemei. Anamsimulia habari zake, moja baada ya nyingine, tangu utotoni.

Fanya hivyo. "Kaka, nimekuja kukaa tu, usijisumbue na chai." Kisha, kimya kikiwa kimezoeleka, mkumbushe kitu alichofanya kweli: ulivyomlipia fulani karo, ulivyotupikia siku ile stima zilipopotea. Mambo yenye siku na jina, maana sifa za jumla hazimwingii. Msindikize kliniki, ukae naye kwenye benchi. Krishna, kumbuka, alikuwa dereva. Kazi yake kwenye vita vile ilikuwa kushika hatamu za farasi za mtu mwingine.

Siku utakazokosa

Zitakuwepo. Mala itakaa chini ya mto wiki nzima bila kuguswa, daftari litakuwa na kurasa tupu. Sura ya 2 inasema katika njia hii hakuna juhudi inayopotea, na kidogo tu chake huokoa na hofu kubwa. Shika shanga inayofuata. Usifidie zilizopita kwa kufanya mizunguko kumi siku moja.

Lakini tofautisha kukosa na kuzama. Ukiona umefanya haya wiki mbili na usingizi unazidi kupotea, chakula hakipiti, au wazo la kufa limeanza kukaa nawe mchana, usiongeze mantra. Ivute karibu tarehe ya kliniki, uende na ile karatasi ya hatua ya kwanza na orodha ya dawa unazomeza, na umwambie daktari kuhusu pumzi, shanga na mfungo kama upo, ili ajue yote unayofanya.